Sehemu 16, polifonia 64: kuchagua sinthi itakayoongozwa na MPC

Prodyuza akishapata MPC, au mashine nyingine yoyote inayorekodi vipande vya sauti na kuvipanga katika mdundo, swali linalofuata huwa lile lile: sasa niiunganishe na sinthi gani? Wauzaji hujibu kwa namba. Sehemu 16. Polifonia 128. Namba hizo ni za kweli, lakini kila moja inapima kitu chake, na asiyezitofautisha hulipia uwezo ambao hataugusa huku akikosa ule aliouhitaji. Kuna wanaoamini kwa dhati kwamba sinthi yenye polifonia 128 hupiga vyombo 128 kwa pamoja. Kuna wanaodhani waya wa MIDI, ule unaounganisha mashine za muziki, hubeba sauti. Na kuna lalamiko linalojirudia kuliko yote: sauti ilikuwa tamu nilipoisikiliza peke yake, nilipoiingiza kwenye wimbo ikapooza. Yote haya yana maelezo, na hakuna linalohitaji shahada ya uhandisi.

Tuanze na mashine zenyewe. Sinthesaiza, ambayo hapa nitaiita sinthi, huiunda sauti yenyewe kwa saketi za umeme au kwa hesabu za kidijitali. Nyingine huanzia kwenye rekodi fupi za vyombo halisi zilizohifadhiwa kiwandani, kisha huzichonga. Sampla hurekodi unachoiletea wewe, iwe kiki ya ngoma, kipande cha gita au neno la mwimbaji, na kukipiga unapogusa pedi. Sikwensa haitoi sauti hata kidogo. Kazi yake ni kukumbuka nota ipi ipigwe, lini, kwa nguvu gani na kwa muda gani, kisha kuziamuru mashine nyingine zitekeleze. MPC ya Akai, ambayo ukoo wake ulianza na MPC60 ya mwaka 1988 iliyosanifiwa na Roger Linn, imeweka sampla na sikwensa katika kasha moja. Digitakt ya Elektron iko hivyo hivyo: toleo la mwaka 2017 lina traki 8 za sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, na traki nyingine 8 ambazo hazitoi mlio wowote, zinaongoza mashine za nje tu.

Maagizo hayo husafiri kwa MIDI. Januari 1983, kwenye NAMM, maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland ziliunganishwa kwa waya mbele ya watu na zikaelewana, ingawa zilitoka kwa makampuni mawili yanayoshindana sokoni. Tangu siku hizo waya mmoja wa MIDI hubeba chaneli 16, na kinachopita humo ni maagizo matupu: piga nota hii, iache, badili sauti, fungua filta (kichujio cha sauti). Ndiyo maana ukiunganisha MPC na sinthi kwa waya wa MIDI peke yake hutasikia kitu kwenye spika za MPC. Sauti ya sinthi inatoka kwa kebo zake yenyewe, na ni lazima uzipeleke mahali: kwenye miksa, kwenye kompyuta, au kwenye matundu ya kurekodia ya MPC.

Sasa multitimbra. Sinthi isiyo na uwezo huo hushika sauti moja kwa wakati. Ukichagua pedi (si ile ya kugusa kwenye MPC, bali sauti laini ndefu inayojaza nyuma ya wimbo), kila nota itakayoingia italia kwa pedi hiyo. Sinthi ya multitimbra hujigawa katika sehemu kadhaa, kila sehemu ikisikiliza chaneli yake na kushika sauti yake: besi chaneli ya 1, kinanda chaneli ya 2, pedi chaneli ya 3, filimbi chaneli ya 4. Kama umewahi kumwona mpiga kinanda wa kanisani au wa taarab ya kisasa akibonyeza kitufe cha staili, na ngoma, besi, gita na nyuzi vikaanza kulia pamoja kutoka kinanda kimoja, basi multitimbra unaifahamu tayari. Tofauti ni kwamba pale kinanda kimepangiwa kiwandani nini kipigwe, na hapa mpangaji ni wewe na sikwensa yako.

Polifonia, yaani idadi ya nota zinazoweza kulia kwa wakati mmoja, ni jambo lingine, na mfano wa kwaya unalieleza vizuri. Kwaya ya watu 16 inaweza kugawanywa katika sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Idadi ya makundi ndiyo multitimbra; idadi ya watu ndiyo polifonia. Ukiwahamishia watu 14 kwenye soprano, makundi matatu yaliyobaki yanagombania watu wawili. Mwalimu akitaka makundi 16 kutoka kwaya ya watu 12, makundi manne yatakaa kimya, kwa sababu hakuna wa kuyaimbia. Usidhani mfano huo nimeutia chumvi. Access Virus ya kwanza, ya mwaka 1997, ilikuwa na sehemu 16 na polifonia ya 12. Tangazo lilikuwa la kweli, ila kodi moja ya pedi, yaani nota tano zinazopigwa pamoja, hula karibu nusu ya mashine nzima.

Kuna ugumu mwingine ndani yake. Katika sinthi nyingi, nota moja unayoisikia inaweza kutumia zaidi ya mwimbaji mmoja. Chukua Roland JV-1080 ya mwaka 1994, mashine isiyo na vitufe vya kinanda ambayo imesikika katika nyimbo nyingi mno za miaka ile. Ina polifonia ya 64, na kila sauti yake inaweza kujengwa kwa tabaka hadi nne. Kila tabaka hula nafasi moja ya polifonia. Ukichagua sauti yenye tabaka nne na kupiga kodi ya nota nne, umeshatumia nafasi 16, yaani robo ya mashine, kwa mikono isiyosogea. Ongeza mkia wa nota zilizoachiwa lakini bado zinafifia, na hesabu inapanda tena. Nafasi zikiisha mashine hunyang'anya: hukata nota ya zamani ili ipate ya kupiga nota mpya. Hapo ndipo unaposikia pedi ikikatika ghafla kila besi inapoingia. Roland waliweka humo mpangilio wa kuitengea kila sehemu nafasi za akiba, na inafaa kuutumia: itengee besi nafasi zake, kisha pedi ijitafutie kwenye zilizobaki.

Lakini si polifonia inayowaumiza watu wengi. Ni efekti, yaani mapambo ya kielektroniki yanayoongezwa juu ya sauti, na hapa ndipo lilipo jibu la lile lalamiko la sauti iliyopooza.

Ukiwasha sinthi na kuchagua sauti moja moja, unaisikia ikiwa imevishwa kila kitu: korasi, mwangwi, mgwaruzo. Wasanifu wa kiwandani waliitengeneza ikiwa na nguo hizo, na mara nyingi nusu ya utamu wake iko hapo. Ukiingia katika hali ya multitimbra, sehemu zote 16 hukuta kabati lile lile. JV-1080 ina efekti kuu moja, ambayo ndiyo yenye aina 40 za kuchagua, pamoja na korasi moja na mwangwi mmoja vinavyotumiwa na sehemu zote kwa pamoja. Kwa hiyo kinanda kilichotegemea efekti ya kuzungusha sauti, gita lililotegemea mgwaruzo na pedi iliyotegemea efekti ya kuipanua haviwezi kupata vyote vitatu kwa wakati mmoja. Mmoja atavaa, wawili watatoka hivyo hivyo. Sauti haikuharibika wala mashine si mbovu. JV-2080 iliyofuata iliongeza efekti kuu zikawa tatu. Virus B na C huipa kila sehemu korasi na mgwaruzo wake, ila dilei (mrudio wa sauti) na mwangwi ni vya pamoja. Integra-7 ya Roland ya mwaka 2012 iliipa kila moja ya sehemu zake 16 efekti yake, na kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko polifonia yake ya 128 inayotajwa kwanza kila mara.

Basi swali la kumuuliza muuzaji halianzi na "ina sehemu ngapi?" Linaanza na "ni sehemu ngapi zinazoweza kuwa na efekti zao kwa wakati mmoja?" Muuzaji mzuri atalijibu. Asipojua, kitabu cha maelekezo cha mashine hiyo kitajibu, na vitabu vya karibu mashine zote hizi hupatikana bure kwenye intaneti.

Hapa ndipo mwenye sampla anapokuwa na faida ambayo wengi hawaitumii. Ushauri mwingi kuhusu sinthi za multitimbra ulitolewa zamani kwa watu waliokuwa na sikwensa tupu, ambao kila chombo katika wimbo wao ilibidi kilie moja kwa moja kutoka kwenye sinthi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwao sehemu 16 zilikuwa na maana. Wewe mwenye MPC una njia nyingine. Ngoma zote ziko ndani ya MPC tayari, na sinthi haihitaji kuzigusa. Kwa pedi, ipe sinthi ile efekti yake moja, piga kodi za baa nne, zirekodi kwenye MPC kama sampuli. Kisha ihamishie efekti kwenye kinanda, rekodi. Kisha gita. Kila kimoja kimeingia kikiwa na vazi lake kamili, na sinthi yenye efekti moja imekupa vyombo vitatu vyenye efekti tatu. Nafasi za polifonia zilizotumika nazo zimerudi zote, kwa sababu pedi sasa inapigwa na MPC.

Njia hii ina gharama yake, na ni haki kuitaja. Mwimbaji akifika na kusema wimbo uko juu sana, ushushwe nota moja, sehemu inayoongozwa kwa MIDI inashuka mara moja bila kubadilika umbile. Iliyorekodiwa itabidi ivutwe, na ikivutwa tabia yake hubadilika, au urudie kuirekodi. Filta inayofunguka polepole wakati wa kiitikio nayo ni vizuri iachwe kwenye sinthi, mkono wako uwe juu yake. Kwa hiyo gawanya: kilichotulia kirekodi, kinachobadilika kiache hai. Ukiufanyia hesabu hiyo wimbo wa kawaida wa bongo fleva, wa injili au wa kucheza, utaona vinavyobaki hai ni besi, ala inayojibizana na mwimbaji, na pengine kodi moja ambayo bado hujaiamua. Sehemu tatu au nne.

Ndiyo maana nasimama hapa bila kusitasita: kwa mwenye sampla, sinthi ya sehemu nne zenye efekti zao au matundu yao ya kutolea sauti ni bora kuliko ya sehemu 16 zinazobanana kwenye kebo mbili.

Matundu hayo ni hoja inayosahaulika sana. Blofeld ya Waldorf ina sehemu 16 na polifonia inayofika 25, na sauti zake ni za ajabu kwa ukubwa wake. Lakini vyote hivyo hutoka kwa jozi moja ya kushoto na kulia. Ukitaka besi ipite kwenye kompresa, kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti, na filimbi ibaki kavu, huwezi kuzitenganisha zikishachanganyika humo ndani. JV-1080 ina matundu sita, kwa hiyo unaweza kuitoa besi peke yake upande mmoja. Nord Lead 2 ina sehemu nne tu, polifonia 16 na matundu manne: kila sehemu na mlango wake. Ukiitazama kwa namba za sehemu inaonekana maskini mbele ya Blofeld, ila ukikaa nayo kwenye miksa unaelewa waliofikiria hivyo walikuwa wanawaza nini. Upande wa pili, angalia na mashine yako inapokea nini. MPC One ina jozi moja ya kuingizia sauti, kwa hiyo sinthi yenye matundu sita iliyounganishwa nayo bila miksa itatumia mawili tu kwa wakati mmoja.

Kuhusu kasi ya waya, hofu ni kubwa kuliko tatizo, ila tatizo lipo. MIDI ya waya wa pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na agizo la nota moja huchukua karibu milisekunde moja. Maagizo hupanga foleni, moja nyuma ya jingine. Ukipanga nota 20 zianze zote kwenye pigo la kwanza la baa, ya mwisho inaweza kuchelewa kwa milisekunde zinazokaribia 20, na hapo mdundo huanza kulegea. Dawa ni rahisi: ngoma zipigwe na MPC yenyewe bila kupita kwenye waya, na kodi nzito zirekodiwe. MPC2000XL ina matundu mawili ya kutoa MIDI na MPC3000 manne, kwa hiyo mwenye mashine hizo za zamani anaweza kuigawa foleni kwa nyaya tofauti.

Mitego mingine hutatuliwa kwa dakika chache ukiijua. Sinthi yenye vitufe, ikipokea pia kutoka sikwensa, hupiga kila nota mara mbili: mara moja kutoka kidoleni na mara ya pili agizo linaporudi kutoka MPC. Tafuta mpangilio unaoitwa Local na uuzime. Chaneli ya 10 kwenye JV-1080, kama kwenye mashine nyingi zinazofuata mpango wa General MIDI wa mwaka 1991, ni ya ngoma. Ukiipa besi yako utasikia matoazi. Blofeld ya mezani haina tundu la kupitisha MIDI kwenda mashine inayofuata, hivyo ikiwa una sinthi mbili, hiyo iwe ya mwisho kwenye mnyororo. Na kinanda kinachoweza kugawa vitufe, besi mkono wa kushoto na piano wa kulia, si lazima kiwe cha multitimbra: vingine hugawa vitufe tu, na sauti zote mbili husikiliza chaneli moja, kwa hiyo sikwensa haiwezi kuziongoza kila moja peke yake.

Huenda unajiuliza kwa nini sinthi za analogi, zile zenye saketi halisi, mara nyingi huishia sehemu moja au mbili. Kila mwimbaji katika kwaya hiyo ni vipuri vinavyogharimu pesa. Six-Trak ya Sequential, ya mwaka 1984, ilithubutu kuwapa waimbaji wake sita kila mmoja sauti yake, na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kufanya hivyo. Siku hizi Prophet Rev2 ya nafasi 16 inashika sauti mbili, na Moog One tatu. Mwenye sampla hana sababu ya kuziogopa. Ukipenda joto la analogi, nunua yenye sauti moja, irekodi chombo baada ya chombo, na multitimbra utakuwa umeijenga ndani ya MPC.

Kabla ya kutoa pesa, fungua MPC uliyo nayo. Zile zinazofanya kazi bila kompyuta, tangu MPC Live ya mwaka 2017, zimepewa sinthi za programu ndani yake, na huenda besi unayoitafuta imo. Ukiona bado kuna pengo, chagua kwa kusikiliza muziki unaoutengeneza. Anayehitaji nyuzi, piano, tarumbeta na vinanda vinavyofanana na halisi aende upande wa JV-1080 au ndugu zake. Bei zake za mtumba ni nafuu ukilinganisha na mashine mpya, na ina nafasi nne za kadi za kuongeza sauti. Kwa anayetaka mlio wa mashine, wa kukwaruza na kugeuka, kuna Virus, Nord na Blofeld. Digitone ya kwanza ya Elektron, yenye traki nne na polifonia 8, ni nzuri mno kwa sauti za kengele na besi ngumu, ila sehemu ya bei yake inalipia sikwensa, na sikwensa unayo.

Mashine za mtumba kutoka Japani ziangaliwe kwa makini upande wa nyuma. Zilizotengenezwa kwa soko la ndani la huko hutumia volti 100, na umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Bila transfoma ya kupunguza, utaiunguza siku ya kwanza. Mashine za miaka ya 1990 huwa na betri ndogo ya kutunza kumbukumbu, na ikiisha, mipangilio uliyoihifadhi hupotea kila unapozima. Kubadilisha ni kazi ndogo kwa fundi, ila iingie kwenye mapatano ya bei.

Ukienda kuijaribu, beba MPC yako na waya wa MIDI. Iweke sinthi katika hali ya multitimbra, tuma besi chaneli ya 1, kodi nzito chaneli ya 2, filimbi ya 3 na nyuzi za 4, zote kwa pamoja, na uziache zizunguke kwa dakika kadhaa. Sikiliza kama kuna nota inayokatwa. Kisha zima mbili kati ya hizo, ulinganishe kama sauti zilizobaki zimebadilika. Chomeka kebo kwenye kila tundu la kutolea sauti, moja baada ya jingine, hata yale ambayo hukusudii kuyatumia, kwa sababu tundu bovu ni sababu halali ya kupunguziwa bei.